Mchanga wa Kiti cha Nyuma

Abiria hakuwemo hata mmoja, lakini mkanda wa kiti cha mwisho ulikuwa unapanda na kushuka taratibu, kama umemfunga mtu aliyelala. Mhudumu akafikicha macho. Pale palikuwa na mifuko ya mchanga tu, ile inayofungwa nyuma ndege ya tajiri ikisafiri tupu, isije ikalemea mbele.

Ndege yenyewe ilikuwa moto wa kuotea mbali. Ilivuka bahari nzima bila kutua kuongeza mafuta, na rubani, mdogo wake mhudumu wa tumbo moja, hakuchoka kuisifu. Leo sifa ziliwatokea puani: huku maji, kule maji, pa kutua hakuna.

Harufu ya udongo mbichi ikamkaba. Kwa simu ya ndegeni akampigia fundi wao, aliyebaki nyumbani karakanani.

“Fundi, mchanga huu umeuchota wapi?” alinong’ona.

“Mifuko ya zamani ilichanika, dada. Nikachota nyuma ya karakana, kwenye lile kaburi lililobomoka. Kwani kuna nini?”

“Mungu wangu! Una wazimu wewe?”

Mfuko ukapasuka. Rubani msaidizi alikuja mbio kutazama, na mkono wa mchanga ukamdaka taya, ukambamiza darini, ukambamiza mezani, ukamrudisha tena darini, meno yakimwagika kwenye zulia na damu ikiruka mpaka madirishani, ukaendelea kumponda hata alipokwisha kunyamaza. Kisha jini zima la mchanga likainuka kutoka mfukoni, likaelekea kwa rubani. Mhudumu akalirukia mgongoni, akalikwaruza mpaka kucha zikang’oka.

“Mwache mdogo wangu! Nichukue mimi!”

Jini likaingia kwa rubani, na mlango ukafungwa usoni pake mhudumu. Halafu ndege ikageuka, na spika ikasema kwa sauti ya mdogo wake, “Dada, nipo. Kaa, tunarudi nyumbani.”

Alilia kwa furaha, jamani. Njia nzima ile sauti ilimbembeleza, na walitua salama salimini. Mlango wa rubani ukagoma kufunguka.

“Fundi, panda unisaidie!”

Fundi akapanda, akauvunja kwa nyundo. Rubani alikuwa kitini, uso umegeuzwa ukaangalia mgongoni, mdomo umejaa mchanga. Fundi akamgusa, akaruka nyuma.

“Dada... huyu amekauka. Amekufa kitambo.”

Mlango wa ndege ukajifunga kwa kishindo. Injini zikanguruma.

“Ahsante, dada, kwa kuniitia fundi,” ilisema sauti ya mdogo wake. “Sasa kaeni. Mafuta bado yapo.”