Alama za Katambuga

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mbuke alipita kwanza zizini kukagua nyayo. Hakuna aliyemtuma, alipenda tu. Alikuwa msichana wa darasa la sita, na familia yake ilihamia karibu na Ubaruku kutoka Shinyanga alipokuwa mdogo. Baba yake, Mzee Shigela, alimfundisha kusoma kwato kama vile mwalimu alivyomfundisha kusoma herufi. Ungemwonyesha alama topeni, angekwambia huyu ni yule dume jekundu, ukwato wake wa kushoto umepasuka. Na huyu ni mtamba anayechechemea. Hakosei! Hata wenyeji wa pale, ambao hawakuwafurahia sana wageni wenye ng'ombe wengi, walikuja kumwomba awatafutie mbuzi waliopotea. Naye alijua kwamba anajua, tena alijivuna kidogo.

Asubuhi moja ya Januari 1976, alikuta miiba ya lango la zizi imesogezwa. Maksai wawili wa kulimia hawakuwepo.

"Baba! Tumeibiwa!"

Shigela alitoka mbio, shuka likining'inia begani. Msimu wa kulima majaruba ya mpunga ulikuwa umeanza, na bila maksai wale familia nzima isingekuwa na chakula mwaka ule. Kwa bahati mvua ilikuwa imenyesha jioni, na tope lilikuwa laini. Mbuke aliinama, akazifuata kwato mpaka kwenye kivuko cha mto. Hapo zikaishia majini.

Lakini ukingoni, kando ya kwato, palikuwa na nyayo za mtu aliyevaa katambuga, vile viatu vinavyokatwa kwenye tairi la gari. Alama za tairi zilijichora vizuri mno: mistari ya kupindapinda, na katikati yake nukta kama punje za mahindi. Mbuke aliziona alama hizo karibu kila siku, kwenye njia ya kwenda kwa rafiki yake Damari.

"Ni za Baba Damari," alisema.

"Una hakika?"

"Baba, kwani lini nimekosea?"

Shigela hakuuliza tena. Alifunika unyayo mmoja kwa karai, akauzungushia miiba ili mifugo isiukanyage, kama walivyozoea kufanya wafugaji wa kwao mwizi anapotafutwa. Kisha akaondoka kwa hasira kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kufika saa sita mchana, Kalinga, baba yake Damari, alikuwa amekalishwa chini mbele ya ofisi ya kijiji, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya katani. Katambuga zake zilikuwa zimevuliwa na kuwekwa mezani, kila mtu akizigeuza na kutikisa kichwa. Mistari ya kupindapinda ilikuwepo. Nukta zilikuwepo.

"Usiku nilikuwa jarubani kwangu, nageuza maji," Kalinga alisema. "Zamu yangu ya maji ilikuwa usiku."

"Nani alikuona?"

"Usiku, jarubani, nani anione? Vyura?"

Mgambo mmoja alimchapa fimbo ya mgongo. "Jibu vizuri wewe! Yule mtoto hakosei nyayo, kijiji kizima kinajua."

"Acha kumpiga!" alisema mwenyekiti, Ndugu Liberatus. "Nimekwisha kutuma mtu polisi." Lakini kamba hakuifungua, na mgambo walizidi kuikaza.

Mbuke alikuwa amesimama pembeni wakati Damari alipomfuata, macho yamemvimba kwa kulia.

"Mbuke, ulimwona baba yangu?"

"Niliona nyayo zake."

"Sikukuuliza nyayo. Ulimwona yeye?"

Mbuke alizitazama zile katambuga mezani. Damari aligeuka akaenda kukaa karibu na baba yake, juani. Jioni ile ugali haukumshuka Mbuke. Mama yake alimuuliza kama anaumwa, akasema haumwi, akaenda kulala.

Kesho yake Land Rover ya polisi ilifika kutoka Mbeya. Alishuka Sajenti Zubery, mpelelezi, mtu mfupi wa maneno mengi aliyekulia Tanga, akiwa na sanduku la bati. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuuliza, "Huyu mtu amefungwa kamba na mahakama gani?" Mwenyekiti akawaagiza mgambo wamfungue. Kalinga alipofunguliwa, viganja vyake vilikuwa vimevimba kama mikate, na vidole havikunjiki.

Kijiji kizima kilimfuata sajenti mtoni. Aliinua karai, akapiga mluzi.

"Nani alifunika hapa?"

"Mimi, afande," alisema Shigela.

"Umefanya kazi ya maana sana, mzee wangu."

Alikoroga unga mweupe wa plasta, kama ule wa hospitali wa kufungia mguu uliovunjika, akaumimina taratibu ndani ya unyayo. Walipokuwa wakisubiri ukauke, mwenyekiti alisema, "Afande, hapa hakuna haja ya kujisumbua. Mtaalamu wetu amekwisha kusema."

"Mtaalamu!" Zubery alicheka, ila si kwa furaha. "Ndugu Mwenyekiti, babu zetu walimnywesha mtuhumiwa mwavi, dawa ya sumu. Akitapika, hana kosa. Akifa, basi alikuwa mkosaji. Tumetoka huko. Siku hizi kuna alama za vidole, zaidi ya miaka themanini sasa polisi wa nchi mbalimbali wanazitumia, na zimefichua wauaji wengi. Lakini anayezisoma ni binadamu. Huko Ufaransa, zamani, bingwa mmoja wa upelelezi alisimama mahakamani akasema maandishi fulani ni ya askari fulani. Watu wakaamini, maana bwana yule alisifika dunia nzima. Askari akatupwa kifungoni kisiwani, akateseka zaidi ya miaka minne. Na hakuwa ameandika yeye!"

Zubery alibandua plasta, akaiosha mtoni, akaiweka kwenye nyasi pamoja na katambuga ya kulia ya Kalinga.

"Mtoto anaitwa nani? Mbuke? Njoo, mwanangu. Nimesikia unasoma kwato. Sasa soma hapa, polepole. Usimtazame mtu usoni."

Mbuke alichuchumaa. Mistari ilikuwa ileile. Nukta zilezile. Moyo ukaanza kumtulia: kumbe hakukosea! Akafuata ukingo wa plasta kwa kidole, kuanzia mbele mpaka kisiginoni, kama baba yake alivyomfundisha kukagua ukwato. Kidole kikakwama. Kisiginoni kwenye plasta palikuwa na mstari uliosimama, umekata nukta mbili katikati. Tairi la kiatu kile lilikuwa na ufa. Akaigeuza katambuga ya Kalinga. Kisigino kilikuwa kizima, hakina hata mkwaruzo.

Damu ilimpanda usoni. Nyuma yake kilikuwepo kijiji kizima. Baba yake alikuwepo. Akisema, kila mtu atajua kwamba Mbuke hajui, na maksai wataanza kutafutwa upya wakiwa wamekwisha kufika mbali. Angeweza kunyamaza. Ufa ulikuwa mwembamba; nani mwingine angeuona?

Akainua macho, akaviona viganja vya Kalinga.

"Si hiki," alisema kwa sauti ya chini.

"Sema kwa nguvu, wasikie."

"Si kiatu hiki! Tairi ni la aina moja, lakini chenyewe ni kingine. Cha mwizi kina ufa kisiginoni."

"Ameuziba!" alipaza sauti mgambo mmoja.

"Ufa wa tairi unazibwa na nini, uji?" Zubery alimkemea. "Mtoto amesoma sawa. Mimi mwenyewe nimeuona ufa huo mara tu nilipoibandua plasta."

Shigela alimtazama binti yake kwa muda mrefu. Mbuke alidhani atamgombeza pale pale, lakini mzee alivua kofia tu na kutazama chini.

Mchana sajenti alikwenda na Mbuke na baba yake gulioni Ubaruku, kwa fundi wa katambuga. "Za mistari hii?" fundi alisema. "Afande, tairi moja la lori linatoa jozi chungu nzima. Nimewauzia watu wengi sana, hata wapita njia." Hapo Mbuke alielewa alipokosea. Ukwato ng'ombe huzaliwa nao, na kila mmoja una umbo lake. Mistari ya tairi hutoka kiwandani, kila tairi sawa na mwenzake.

Zubery alipiga simu kwa vituo vya polisi vya barabara kuu. Kabla juma halijaisha, lori la ng'ombe lilisimamishwa Ilula, Iringa, wanawake wauza nyanya wa kando ya barabara wakishuhudia. Maksai wa Shigela walikuwemo. Mmoja wa waliowasindikiza alivaa katambuga yenye ufa kisiginoni. Sajenti hakuridhika na ufa peke yake. Alimhoji dereva aliyewapakia, akamwita Shigela awatambue ng'ombe wake, ndipo akamfungulia mtu yule kesi.

Siku maksai waliporudi, Shigela alimchukua Mbuke wakaenda kwa Kalinga. Huko jaruba lake lilikuwa halijalimwa. Mikono ilikuwa bado haishiki jembe. Damari alikuwa akichambua mboga mlangoni, hakuinuka.

"Shikamoo, baba," Mbuke alisema, akapiga magoti. "Nilisema ni wewe, na sikukuona. Naomba unisamehe."

"Na mimi niliamini nilichotaka kuamini," alisema Shigela. "Jaruba lako tutalilima sisi, mpaka mwisho."

Kalinga alimgeukia Mbuke. "Marahaba, mwanangu. Inuka. Nimekusamehe, ila nisikilize. Watu wa hapa nalima nao, nazika nao. Siku ile neno lako moja wakaliamini kuliko maisha yangu yote. Sikulaumu kwa kujua nyayo. Endelea kujifunza, kijiji kinakuhitaji. Lakini kadiri watu wanavyokuamini, ndivyo unavyopaswa kutazama mara ya pili. Uliloliona, liseme. Usiloliona, sema hukuliona. Mtu anayeaminiwa hana ruhusa ya kubahatisha."