Nilimwandika Babu Mbusa, Nikamfukuza Baba

Nina umri wa miaka hamsini na moja, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Butembo, na sijaolewa. Wanaonifahamu husema mimi ni mtu mkavu, hata msibani silii. Ni kweli. Machozi yangu yaliisha wakati wa vita vya pili vya Kongo, na leo nawaeleza wasomaji wenzangu sababu yake.

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na sita. Waasi walikuwa wameshika mji na walimu tulifundisha bila mshahara, lakini mimi nilikuwa na furaha yangu... Nilikuwa na mchumba! Aliitwa Kakule, tulifundisha shule moja, na mwandiko wake ubaoni ulikuwa mzuri kutushinda sote.

Baba alilima kilima chetu, mwendo wa saa mbili kutoka mjini. Migomba, maharagwe, kahawa kidogo. Mama yangu amezikwa pale, na babu yangu pia. Kwetu sisi Wanande, mwenye kilima ni uzao wa mukonde, yaani mtu aliyetangulia kukata msitu pale kwa shoka lake. Wengine ni wageni wake, na kila mwaka humpelekea mbuzi kukiri kwamba ni wageni. Baba hakumpelekea mtu mbuzi. Tangu utotoni alituambia kwamba babu yake, Mbusa, ndiye aliyekata msitu ule kabla Mzungu yeyote hajapita.

Kisha ukoo wa jirani ukaanza kudai kwamba kilima ni chao. Mkubwa wa ukoo huo alikuwa baba mdogo wa Kakule. Mimi, mjinga, niliwaza kwamba ndoa yetu ingemaliza maneno yote! Chifu aliitisha kikao, na baba akaniita.

"Masika, weye ulisoma. Enda Beni kwa Koko Kavira, uandike habari yote ya Mbusa. Tutaisoma mbele ya chef."

Koko kwetu ni bibi; huyu Kavira alikuwa shangazi yake baba, binti wa mwisho wa Mbusa mwenyewe. Nilipanda lori juu ya magunia ya maharagwe. Kwenye kizuizi wanajeshi walichukua sabuni na kitenge nilichokuwa nampelekea, nikafika mikono mitupu na daftari langu.

Alinisimulia kwa siku mbili... Mbusa hakukata msitu wowote! Alikuja akiwa kijana, akitokea upande wa Manguredjipa, akiwakimbia watu wa bunduki waliokuwa wakikamata watumwa. Alifika kilimani na kidonda cha kamba shingoni. Mukonde akampokea, akampa jembe na mahali pa kulima. Kila mwaka Mbusa alimpelekea mbuzi. Baadaye Wazungu walikuja, wakahamisha watu huku na huku, na mbuzi akasahaulika. Mukonde huyo alikuwa babu wa ukoo wa kina Kakule.

"Hiyo ni ya kusikia tu, mutoto yangu," Koko alisema. "Hapana andika."

Nikaandika! Nilikuwa mwalimu, na habari ile ilinishika moyo. Niliandika yote, hata lile kovu la shingoni.

Wakati wa kurudi, mwanajeshi kwenye kizuizi alifunua kurasa za daftari, akanirudishia. "Humu hapana kitu, mama." Laiti angelichoma moto!

Baba nilimwambia Koko amezeeka, amesahau mengi. Lakini siri ilinilemea, nikampelekea Kakule. Nilimwuliza nifanye nini. Alinishika mkono, akasema, "Uniachie kaye, chérie, nifikiri kwanza." Nikamwachia daftari.

Siku ya kikao nililiona daftari langu mkononi mwa baba yake mdogo. Katibu wa chifu alilisoma lote mbele ya watu. Kakule alikuwa ameketi nyuma, akitazama viatu vyake.

Baba hakupiga kelele. Alinionyesha ule mwandiko, akaniuliza neno moja tu.

"Masika, hii ni mukono yako?"

Ningeweza kukana. Kwa nini sikukana? Nilisema ndiyo, baba.

Wazee walikuwa wapole. Walimwambia alete mbuzi mmoja, akiri, akae kwa amani. Baba alisimama. "Lakini, niko mugeni kwenye kaburi ya baba yangu? Hapana."

Wiki iliyofuata alibeba shoka akaenda msituni, ng'ambo ya Mangina. Alikuwa na miaka sitini na sita. Alisema anakwenda kukata msitu wake mwenyewe, mahali ambapo hapana mutu atauliza nani alitangulia.

Haukupita mwaka, vita vikaingia msitu ule. Watu walikimbilia Beni kwa maelfu. Nilisimama kando ya barabara siku tisa, nikimwuliza kila aliyepita. Mama mmoja aliyekuwa jirani yake aliniambia asubuhi ile walisikia shoka lake, kisha bunduki, kisha hawakusikia shoka tena. Mwili hatukuupata. Nilirudi Butembo, nikala, nikalala, Jumatatu nikafundisha hesabu. Sikuhisi chochote...

Ndugu zangu, tafuteni asili yenu, sikatazi. Lakini mzee akiwaambia msiandike, wekeni kalamu chini. Na mkipata habari mnayoogopa kumwambia baba yenu, msiipeleke kwa mpenzi. Mpelekeeni baba kwanza, hata kama atakasirika. Ningefanya hivyo, labda angepata muda wa kuizoea, labda angetoa yule mbuzi.

Sasa ninamtoa mimi. Kila mwaka baada ya mavuno ninamvuta mbuzi hadi kwa mkubwa wa ukoo, ili niendelee kupalilia makaburi yale mawili. Baba mdogo wa Kakule alikwisha kufa. Anayepokea kamba siku hizi ni Kakule mwenyewe. Ananiuliza habari za shule, nami ninamjibu kwamba ni nzuri.