Kibanda Namba Arobaini

Saa nne asubuhi sokoni hapapitiki, na mpima wa manispaa akamkanyaga fundi cherehani. Mpima alivaa shati jeupe na buti za vumbi, kopo la rangi nyekundu mkononi.

"Kaka, huo ni mguu, si kigingi," fundi alisema. Yeye alivaa gauni la njano alilojishonea mwenyewe, futi ikining'inia shingoni.

"Samahani dada. Nikikununulia soda utanisamehe?"

"Nitafikiria nikishaimaliza."

Soda moja ikazaa nyingine, na mwezi haukuisha simu zikawa haziishi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nashiba sauti yako."

"Basi utakufa na njaa."

Kisha habari zikavuma kwamba soko litavunjwa, lijengwe jumba la vioo. Wachuuzi wakaandamana hadi manispaa, fundi akiwa mbele. Aliporudi akakuta namba 40 kwa rangi nyekundu kwenye mlango wa kibanda alichoachiwa na marehemu mama yake. Mwandiko aliujua.

Hakuuliza. Akachukua mafuta ya taa na kitambaa, akasugua hadi mbao zikang'aa. Simu ilipoita akasema, "Unabomoa cha mama yangu halafu unaniita mpenzi? Usinipigie tena."

Hasira hasara. Namba ile haikuwa ya kubomoa. Wachuuzi walikuwa wameshinda nusu ya vita: soko lingekarabatiwa, na kila mwenye namba angebaki mahali pake. Wakaguzi walipopita, mlango usio na namba wakauruka.

Siku ya kikao cha manispaa na wachuuzi, orodha ya vibanda vitakavyobaki ikasomwa: thelathini na tisa, arobaini na moja. Fundi akahesabu tena kwa vidole.

Mpima akasimama nyuma ya ukumbi. "Arobaini ipo. Nimeipima mwenyewe. Mita mbili kwa moja na nusu, cherehani kushoto, bawaba ya chini imelegea."

"Kaa chini," bosi wake alisema.

"Sikai, mzee. Twendeni tukapime."

Wakaenda, wakapima kwa futi ya fundi. Vipimo vikalingana, na arobaini ikarudi kwenye orodha.

Walipobaki wawili, fundi alikuwa analia bila kujificha. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nimepiga mara kumi na moja. Hukupokea."

"Nisamehe. Na asante, jamani. Hata bawaba umeikumbuka."

Mpima akafungua kopo. "Niandike tena?"

"Andika. Ukimaliza nyoosha mikono, na mimi nikupime."

"Unipime nini?"

"Suti ya harusi," fundi alisema, akaivua futi shingoni.

Mpima akanyoosha mikono papo hapo. Rangi ikamdondokea buti, wala hakuiangalia.