Nukta ya Kijani

Kioo kile cha hadubini kilipaswa kuwa giza tupu. Bakteria waliokuwa juu yake hawakutiwa ile protini inayong'aa. Waliotiwa ni wenzao, ili ionekane kimeng'enya chao kinakaa sehemu gani ya mwili. Hawa walikuwa wa kulinganishia tu. Lakini binti alipoinamia hadubini ndani ya chumba cha giza, jua la mchana likiwaka nje, aliona nukta moja ya kijani.

Nyumbani walimwita Daktari wa Wadudu, na kuhitimu kwake chuoni kulitegemea picha za bakteria hao. Akabadilisha kioo. Nukta ipo. Akaweka kioo kitupu. Ipo palepale.

"Haya mwenzangu, unakaa wapi wewe?" akatania.

Mzaha mzaha hutunga usaha. Harufu ya waridi ikajaa chumbani.

Fundi wa maabara aliitwa, akachungulia. "Mimi sioni kitu, mwanangu. Zima taa ya hadubini, upumzishe macho."

Akazima. Bila taa ile hakuna protini inayong'aa, lakini nukta ilibaki. Akafumba macho, ikabaki, kisha ikasogea.

"Mjomba," alinong'ona, "imo ndani yangu."

Fundi alirudi kinyumenyume hadi mlangoni. "Usiende nayo nyumbani. Una mtoto mchanga kule, na vitu hivi hupenda macho mapya. Jifungie. Namfuata mganga."

Akajifungia, akaketi sakafuni akisikia kucha zikikwaruza, si ukutani wala mezani bali nyuma ya paji la uso wake, na kila alipoanza kuomba ulimi ulikuwa mzito, na ile nukta ikawa inatembea taratibu kutoka jicho hili kwenda lile kama mpangaji anayekagua vyumba, asiridhike na hata kimoja.

Mlango ukagongwa.

"Daktari wa Wadudu! Chakula kinapoa!" Alikuwa dada yake.

"Dada, ondoka! Mpeleke mtoto mbali!"

"Una wazimu? Nimembeba juani njia nzima!"

Nukta ikazimika. Harufu nayo ikakatika. Binti alilia kwa furaha, akaushika ufunguo. Ukagoma kuzunguka.

"Subiri, dada! Imeniacha!"

"Nini kimekuacha? Hebu fungua umwone mwanao. Amelala fofofo kifuani kwangu, lakini macho yanahangaika chini ya kope, kama anafuata kitu." Dada alimnusa mtoto. "Na nani kampaka mtoto marashi ya waridi?"