Waya wa Mpoyi

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya vilima vya mchanga wa mgodi Valérie alipotoka kwenda kununua mega za intaneti. Ni kazi ndogo, ya kwenda na kurudi. Lakini barabara yao haikuwa tena barabara. Kila mlango ulikuwa na alama ya rangi nyekundu, na nyuma ya kila mlango hamkuwa na mtu. Kampuni iliutaka mtaa mzima kwa sababu chini yake kuna kobalti, na majirani walikuwa wamepakia magodoro yao wakaenda. Mlango wa Valérie nao ulipakwa rangi. Aliifuta kwa petroli. Wakapaka tena. Akafuta tena.

Mado, mwuza mega, alikuwa anafunga kioski chake moja kwa moja.

“Mama Valérie, weye unabakia?”

“Ninabakia.”

Mado akashusha sauti. “Batu banasema mu nyumba yako munasikika bitu… mangaribi, kama jua inaingia.”

“Munasikika miye,” alijibu Valérie, akachukua mega zake na kugeuka.

Ndivyo alivyo. Msimwonee huruma, hapendi.

Sasa nieleze kilichomkalisha pale. Mumewe, Mpoyi, alichimba shimo ndani ya chumba chao cha kulala, kama walivyofanya wengi katika mtaa ule, ili polisi wasione. Siku moja shimo likaporomoka. Mpoyi alikuwa chini na wenzake wawili. Hakuna aliyewatoa. Mdomo wa shimo ulifunikwa kwa bamba la saruji, na Valérie akaendelea kulala kando yake. Kampuni ilisema kwamba chini hakuna mtu, kwa kuwa hakuna shahidi. Mashine zilikuwa zinakuja kuchota barabara yote, na Mpoyi angepandishwa lori pamoja na madini, akaoshwe kiwandani.

Hilo ndilo Valérie alilokataa. Alitaka watu watatu watolewe kwa mikono kwanza, wazikwe. Wakili wake kule Lubumbashi, Maître Henriette, alikuwa ofisini akingoja picha za bamba na maelezo yake, ili asubuhi aingie navyo mahakamani. Vikikosekana jioni ile, mashine zingeanza kesho.

Mpoyi mwenyewe alikuwa na asili ya Kasai. Utotoni yeye na wazazi wake walisukumwa ndani ya treni, wakati watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga. Alirudi akiwa mtu mzima, akanunua kiwanja kile, akaapa kwamba hataondoshwa mara ya pili. Valérie hakusahau kiapo hicho.

Aliporudi akatia mega kwenye ruta, akaingia chumbani, akawasha kompyuta.

Hakuna intaneti.

Akazima ruta sebuleni, akangoja, akawasha. Akachomoa waya nyuma ya kompyuta, akaupuliza vumbi, akaurudisha. Hakuna. Simu yake ilikuwa ile ndogo ya kubonyeza, haitumi picha. Akampigia Kazadi, fundi aliyemfungia mitambo ile, naye akaja mbio na koleo mfukoni.

Kazadi akajaribu ruta kwa kipimo chake cha mtandao. Ikashika mara moja. Akaichunguza kompyuta, haikuwa na kasoro.

“Ruta iko muzima. Ordinateur iko muzima,” alisema. “Matata iko mu waya.”

“Ulipitishaka wapi?”

Kazadi akakuna shingo. “Mu tiyo ya mupepo, mama. Ile ya bachimbaji. Inatoka mu salon, pa ruta, inapita chini ya sima ya mu sakafu, inaingia mu shimo. Nikakamata waya mu ufa ya pembeni ya bamba, nikaleta ku ordinateur. Sikutaka kutoboa ukuta. Nilifikiri mule hamuna mutu.”

“Mule muko batu batatu, Kazadi.”

Kutoka kwenye tiyo ile, bomba la kupelekea hewa chini, kukaja harufu… udongo mbichi, na petroli ya mashine ya kupuliza hewa. Mashine hiyo Valérie aliiuza zamani.

Kisha Kazadi akaona taa. Taa ndogo ya kijani, nyuma ya kompyuta, pale waya unapoingia.

“Mama, hii taa inapashwa kucheza ovyo-ovyo,” alinong’ona. “Hii inahesabu.”

Mara tatu. Kimya. Mara tatu. Kimya.

Valérie aliijua hesabu ile mwilini mwake. Wachimbaji walikuwa na kamba, na juu ya kamba walifunga kopo lenye kokoto. Aliye chini akivuta mara moja, pandisheni mfuko. Mara mbili, leteni hewa. Mara tatu, nitoeni. Na aliye juu lazima arudishe hesabu ileile, ili wa chini ajue amesikiwa. Mwaka mzima wa kuchimba, kopo lile lilikuwa limelia kando ya kitanda chake.

“Nitautosha uno waya,” alisema Kazadi. Akaushika, akavuta.

Waya haukuja.

Akavuta kwa nguvu. Ndipo waya ukaenda… ukatelezea kwenye ufa wa bamba, taratibu, kiasi cha mkono mzima, kama kuna mtu anaukusanya. Kazadi akauachia. Koleo likaanguka sakafuni. Alitoka bila kuaga.

Mlangoni akapishana na Barnabé.

Barnabé alikuwa mkuu wa barabara ile, na kila jioni alikuja kumhimiza Valérie ahame. Zamani alikuwa mkuu, yaani chef, wa kikosi cha wachimbaji cha Mpoyi. Ndiye aliyeshika kamba siku ile. Valérie alikuwa amemwomba mara nyingi awe shahidi, naye kila mara alijibu kwamba shimo lilianguka ghafula, kamba haikucheza, hajui nani alikuwa chini.

Akaingia chumbani. Akaiona taa.

“Unaona, mama? Bwana yako anakuambia utoke.”

“Tatu haiko ‘utoke’, tata. Tatu iko ‘munitoshe’. Ni weye ulibafundisha.”

Barnabé akainama, akaokota koleo. “Acha nikate. Tukate, biishe.”

Valérie akawahi. Akaketi juu ya bamba lenyewe, yeye mwanamke, pale ambapo wachimbaji hawataki mwanamke akanyage kamwe. Akajizungushia waya kiganjani. Hasira yake ilikuwa safi, na hofu pia ilikuwamo. Wala hakuificha.

“Kata mukono yangu kwanza.”

Barnabé akashusha koleo. Taa ikapiga. Mara tatu.

“Siku ile alivuta?” aliuliza Valérie kwa sauti ya chini.

Barnabé akaitazama taa.

“Tata Barnabé. Alivuta?”

“Alivuta,” alisema yule mzee. “Tatu. Tena tatu. Udongo ilikuwa inalia… Nilikimbia.”

“Ulirudisha?”

“Hapana.”

Kumbe muda wote ule watu walikuwa wanavuta, na hakuna aliyewajibu. Valérie akalia kidogo. Hakufuta machozi, kwa kuwa mkono ulikuwa na kazi. Akakaza waya.

Akavuta mara tatu.

Harufu ya petroli ikakatika. Waya ukalegea kiganjani, na nyuma ya kompyuta taa ikaanza kucheza ovyo-ovyo, kama taa yoyote yenye akili. Kwenye kioo cha kompyuta, picha zilizokuwa zikingoja zikaanza kwenda. Moja, nyingine, nyingine.

Zimetumwa.

Barnabé akashusha pumzi, akageukia mlango.

Taa ikasimama.

Ikapiga mara nne.

Valérie hakuijua nne. Mwaka mzima hakuisikia kamwe. Akamtazama Barnabé, akaona amerudi nyuma hatua moja.

“Nne ni nini?”

Taa ikapiga tena, mara nne, polepole zaidi.

“Nne ni nini, tata?”

“Chef ashuke.”

Waya ukakazika ukamuuma kiganja. Valérie hakuuachia. Kwa mkono wa pili akamwonyesha kiti kilichokuwa mbele ya kompyuta.

“Ikala pale. Andika nani alikuwa chini. Andika alivuta mara ngapi. Ao niachilie waya, muongee weye na bale ba chini.”

Barnabé akaketi. Alitumia kidole kimoja tu, lakini sijasikia mzee aliyeandika upesi kama yule. Akaandika majina ya Mpoyi na wenzake, akaandika kamba, akaandika kukimbia kwake. Maelezo yalipoondoka, waya ukalegea. Baadaye kidogo Maître Henriette akapiga simu kwamba vyote vimefika.

Asubuhi Kazadi alirudi na haya zake. Alitoboa ukuta akapitisha waya mpya, na kompyuta haijasumbua tena. Anasema ardhi inadidimia, ndiyo iliyovuta waya wa zamani, na waya ukivutwa hivyo taa huwa na wazimu wake. Yawezekana. Valérie habishani naye. Ila hakumruhusu autoe waya wa zamani. Ameufunga mguuni mwa kitanda, na juu yake amefunga kopo la kokoto.

Mashine zimesimama pembeni ya barabara, zinangoja hukumu. Rangi nyekundu imefutwa tena. Barnabé hamhimizi tena ahame. Huja kila jioni na kuketi kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, hakanyagi chumbani, na kopo likilia huuliza kutoka hukohuko:

“Ni ngapi, mama?”

“Tatu, tata. Kunywa chai yako.”

Jana kopo likalia. Barnabé akauliza. Siku ya mahakama ilikuwa bado mbele, na shahidi ni mmoja tu.

“Tatu,” alisema Valérie.

Zilikuwa nne. Akaushika waya, akarudisha nne, taratibu, ili walio chini wajue kwamba wamesikiwa.