Kawa ya Karani

Hajara alikuwa mjane. Alisuka kawa za kufunikia chakula, akaziuza katika soko dogo karibu na mto Oli, mjini Arua. Ilikuwa mwaka 1974. Binti yake, Kaltumu, alikuwa ameolewa Koboko. Nyumbani Hajara hakuwa na wa kuongea naye, kwa hiyo soko ndilo lilikuwa nyumba yake hasa.

Lakini sasa soko lilikuwa tupu. Wanawake wa Logiri, nje ya mji, waliacha kuleta muhogo na simsim. Wanunuzi nao wakapotea. Nani atanunua kawa mahali pasipo na chakula? Hajara alisuka kimya kutwa nzima. Upweke ulimuuma kuliko njaa.

Asubuhi moja alimwona Driwaru, muuza muhogo wa Logiri, akitoka kumtazama mgonjwa mjini. Akamkimbilia.

“Driwaru! Unapita tu? Mimi nimekosa nini?”

“Mama Kaltumu, sisi sasa tunauza soko ya Inde. Hapa iko Kamisi, karani ya soko. Tunalipa ushuru, halafu anachukua muhogo ya bure. Tukikataa, anafukuza sisi.”

“Lakini zawadi ni adabu! Alipofika, mimi nilimupa kawa nzuri. Kwetu mgeni hapana kurudi mikono mitupu.”

“Mgeni, mupe nyumbani kwako. Kamisi iko kazini, serikali inamulipa. Ulipomupa kawa, akatuambia, ‘Hajara ametoa, nyinyi je?’ Tukatoa. Tukaongeza bei. Watu wakakataa kununua. Soko ikakufa.”

Hajara aliona haya sana. Yeye alidhani anafanya wema.

“Sasa tufanye namna gani?”

“Tulipe ushuru, tuchukue tikiti, ile karatasi yake. Kitu ingine hapana. Lakini mutu moja akikataa, ataumia. Tukatae wote. Wewe unakaa mlangoni. Anza, sisi tutafuata.”

Hajara aliogopa. Miaka ile ya serikali ya wanajeshi watu hawakujibizana ovyo na wakubwa. Hata hivyo alikubali, na siku ya gulio Driwaru alikuja na wenzake, wakapanga muhogo nyuma yake.

Kamisi akafika. Akainua kawa nyekundu. “Hii ni yangu.”

Hajara akaishika. “Ushuru ndiyo huu. Nipe tikiti. Kawa hapana.”

“Na mimi, tikiti!” akasema Driwaru. Wengine wote wakasema vivyo hivyo.

“Nitafunga soko!”

“Funga,” akajibu Driwaru. “Sisi tutarudi Inde. Wakubwa wako wakiuliza ushuru, utawapa nini?”

Kamisi akaanza kukata tikiti, uso umemvimba kwa hasira.

Bei ya muhogo ikashuka. Wanunuzi wakarudi, na kawa zikanunuliwa. Baada ya majuma machache akaja Suzan, mkimbizi kutoka Sudan, na samaki wake wakavu. Alitafuta nafasi, akaikosa.

“Mama, sogea kidogo,” akamwambia Hajara.

Hajara akasogea, akicheka huku machozi yakimtoka. Jioni alirudi kwenye nyumba yake ya kimya, sauti imemkauka kwa kuzungumza.