Breki, Sailensa na Masikio ya Ripeka

Kila asubuhi ya mwezi wa nne, kabla ya kuvaa sare za shule, Ripeka alitoka uani na kipande cha bomba la plastiki, akakiweka mdomoni na kunguruma kama kulungu dume. Mbwa walibweka, kuku walitawanyika, na mama yake akafungua dirisha la jikoni.

"Ripeka! Majirani wanataka kulala!"

"Nafanya mazoezi, Mama!"

"Njoo ufanye mazoezi ya kunywa uji. Unapoa!"

Pale Ruatahuna, kijiji chao kilichozungukwa na msitu, hakuna aliyeshangaa sana. Baridi inapokaribia, kulungu dume hunguruma msituni wakitafuta majike, na wawindaji huwajibu kwa mabomba. Dume akidhani amepata mpinzani, hupandwa na hasira akajitokeza. Ni kazi inayotaka masikio, na masikio ya Babu Paora yalikuwa yamekwisha. Alikuwa amepiga bunduki miaka arobaini bila kuyaziba, na sasa hata kumkaribisha chai ilibidi umpigie kelele. Kwa hiyo, kwa misimu miwili, Babu alinguruma na Ripeka akasikiliza. Alionyesha kwa kidole jibu lilikotoka, nao wakaenda huko. Watu walimwita Redio ya Babu, naye alilipenda jina hilo kuliko lake mwenyewe.

Mwaka huu Ripeka alikuwa ametimiza miaka kumi na miwili, na Babu alikuwa amemwahidi kwamba atapiga yeye, Babu akiwa ubavuni pake. Tatizo lilikuwa teke. Bunduki ya Babu ilipopiga, ilirudi nyuma ikamgonga Ripeka begani mpaka machozi yakamtoka. Fundi wa bunduki akawaazima vifaa viwili wavijaribu. Cha kwanza kilikuwa breki, chuma kifupi chenye matundu ubavuni, kinachofungwa kwenye mdomo wa mtutu. Cha pili kilikuwa sailensa ya kupunguza mshindo, nene na ndefu kama chupa ya chai ya wasafiri.

Jumamosi walikwenda malishoni nyuma ya nyumba, wakaweka kopo mbele ya kilima. Binamu yake Tiaki, mwenye miaka kumi na minne, alikuja kutazama. Wote watatu walivaa vifunika masikio.

Ripeka akaanza na breki. Bunduki ilitikisika kidogo tu, na kopo likaruka. Hakuamini! Lakini moshi na mshindo vilitokea ubavuni mwa mtutu, vumbi likatimka, na mbwa wakakimbilia nyumbani mikia ikiwa katikati ya miguu.

"Jaribu na hii nyingine," Babu akasema.

Kwa sailensa, mshindo ulikuwa kama mlango uliobamizwa. Teke nalo lilipungua, ila si kama kwa breki. Na mtutu ulirefuka, ukawa mzito kwa mbele.

Tiaki akacheka. "Unawinda au unapeleka bomba la maji kwa shangazi?"

Maneno hayo yalimchoma Ripeka. "Babu, nachagua breki!"

"Breki ina kelele mbaya, mjukuu wangu. Ukiitaka, usifunue masikio hata mara moja. Umesikia?"

"Nimesikia, Babu."

Babu akaifunga breki tena. Ilibaki risasi moja ya mwisho. Ripeka alipolala chini kulenga, alihisi kama dume ananguruma mbali, upande wa pili wa mto. Wawindaji wote wa msimu ule wana udhaifu mmoja: wakihisi ngurumo, mkono huenda wenyewe sikioni. Akasogeza kifuniko cha sikio la kulia ili asikie vizuri.

"Piga basi, tunazeeka hapa!" Tiaki akapaza sauti.

"Umefunika vizuri?" Babu akauliza.

Ripeka akaitikia kwa kichwa, bila kukirudisha kifuniko, akapiga.

Sikio lake likaanza kulia wiii, kama birika linalochemka ambalo hakuna wa kuliondoa motoni. Alinyamaza. Alijua kwamba mama yake, ambaye ni muuguzi wa zahanati, angemzuia kwenda msituni kesho yake. Usiku alilala na ile wiii yake, asubuhi akaamka nayo.

Jumapili alfajiri yeye na Babu waliingia msituni na fulana zao za rangi ya chungwa, ili wawindaji wengine wawaone. Babu akanguruma kwenye bomba, kisha akamgeukia.

"Amejibu wapi?"

Ripeka alisikia wiii tu, na nyuma yake sauti fulani nzito isiyo na upande. Akanyoosha kidole kuelekea bondeni, kwa kubahatisha.

Walishuka. Walizama kwenye matope mpaka magotini, wakakwaruzwa na miiba, wakatambaa kwa matumbo hatua kama hamsini. Babu alitenganisha majani taratibu. Mbele yao alisimama ng'ombe wa jirani, mnene, akicheua na kuwatazama kwa huruma.

Babu alicheka mpaka akakaa chini. Ripeka naye alijaribu kucheka, lakini kilichotoka ni kilio. Babu akaacha kucheka mara moja.

"Ripeka. Masikio yako humtambua ng'ombe hata ukiwa usingizini. Kuna nini?"

Ripeka akamweleza yote sikioni: kifuniko, kule kuitikia kwa kichwa, na wiii. "Nilidanganya, Babu. Niliogopa nitaachwa nyumbani."

Babu hakugomba. Alitoa risasi kwenye bunduki, akaitia mfukoni. "Twende kwa mama yako. Mimi pia nina kosa. Ilinipasa nikutazame, si nikuulize tu."

Njia nzima Ripeka alijiuliza: je, kama sikio lake limekufa moja kwa moja? Hofu hiyo ilikuwa nzito kuliko matope miguuni.

Mama alimsikiliza, akamkagua, na kesho yake akampeleka mjini kupimwa. Daktari alisema sikio limechoka ila halijafa. Liachwe lipumzike wiki mbili mbali na kelele, lipimwe tena.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Mama alisema wakiwa njiani kurudi. "Ungekaa kimya na kupiga tena jana, sijui daktari angeniambia nini."

Zilikuwa wiki ndefu. Bomba lilikaa juu ya kabati. Siku ya tano wiii ikapungua, siku ya nane ikatoweka, na Ripeka alikurupuka kitandani akipiga kelele kwamba anasikia kuku wakikwaruza uani! Mama alipomaliza kumkumbatia alimkumbusha kwamba kelele ndizo zilizomfikisha pale.

Alipopimwa tena akaonekana mzima. Babu akaweka breki na sailensa mezani. "Chagua upya."

Ripeka hakuangalia hata mara mbili. Aliichukua sailensa. "Na vifunika masikio juu yake, Babu. Vyote viwili."

"Bomba la maji hilo!" Tiaki akamtania.

"Ndiyo, na kulungu nitakayempiga utamla kwa adabu!"

Jumamosi ya mwisho ya msimu, Babu alinguruma. Msitu ukanyamaza. Kisha jibu likaja, wazi kabisa, kutoka ukingo wa juu kushoto. Ripeka alinyoosha kidole bila wasiwasi wowote. Walipanda kimyakimya, sailensa ikinasa kwenye matawi hapa na pale, naye akiinasua kwa subira. Dume alijitokeza kwenye uwazi akitoa mvuke puani. Ripeka alimtazama mwili mzima mpaka akawa hana shaka, na nyuma yake palikuwa na mlima mtupu usio na mtu. Babu alimgusa masikio kwa vidole, kuhakikisha vifuniko vimekaa. Kisha akamgusa bega.

Akapiga mara moja. Dume akaanguka palepale.

Walipovua vifuniko, Ripeka akashtuka. Ng'ambo ya bonde dume mwingine alikuwa bado ananguruma, hana habari.

"Bado wapo?" Babu akauliza, akisoma uso wake.

"Yupo mmoja, Babu. Mkubwa."

"Nina miaka kumi na mitano sijawasikia wa mbali. Anasemaje?"

Ripeka akamsimulia sikioni: ngurumo inaanza chini kama gari linalokataa kuwaka, inapanda, inakatika kwa vikohozi vitatu. Babu alifumba macho, akitabasamu.

"Bega likiumia, kesho limepona," alisema hatimaye. "Sikio likifa huletewi jingine. Lilinde, na likiuma useme siku hiyohiyo. Mimi sikusema, na ndiyo maana leo nakuomba unisimulie."

Jioni waligawa nyama yote, nyumba kwa nyumba, wakianzia kwa wazee, kwa kuwa kwa desturi yao mwindaji haonji windo lake la kwanza. Ripeka alirudi na sahani tupu na njaa kali, akala viazi vikavu, akafurahi kuliko wote mezani.